Kufuga rasi kwenye tenki la maji chumvi ukiwa Arusha au Moshi: mchague kwa anavyolala

Kama uko Arusha au Moshi na una tenki la maji chumvi, au ndo unajipanga kuanza, leo naomba tuongee kuhusu rasi. Sio rasi ya nchi kavu inayoingia baharini, hapana, hawa ni samaki wa jamii ya Labridae, kwa Kiingereza wrasse, mwili mrefu kidogo, mdomo umechongoka, wanaogelea kwa kupiga mapezi ya ubavuni kama mtu anapiga makasia, yaani ukishamwona mmoja hata wa kesho utamjua. Wako spishi zaidi ya 500 duniani na wengi tu wako kwenye matumbawe ya pwani yetu wenyewe. Mmoja wao wanasayansi wamempa jina juzi tu hapa mwaka 2019, Cirrhilabrus wakanda, alipatikana upande wa Zanzibar kwenye miamba iliyo chini zaidi ya mita 50, zambarau iliyokolea na magamba kama amevalishwa wavu. Nikimwangalia pichani najisikia fahari kabisa kwamba ni wa kwetu.

Sasa mi kosa langu la mwanzo lilikuwa kununua kwa rangi tu. Nilinunua rasi wa kwanza, tenki liko wazi juu, nikaona filta inafanya kazi chumvi iko sawa basi. Usiku umeme ukakatika, asubuhi binti yangu ananiambia baba samaki wako yuko nyuma ya kabati la tivii, sisimizi wameshamjaa. Wa pili nikaweka kioo juu ila chini tenki halina mchanga kabisa, na yule alikuwa ni wa kulala mchangani, jioni alikuwa anajigonga pua kwenye kioo cha chini akitafuta pa kuingia, mpaka mdomo ukaoza. Iliniuma sana na bado inaniuma. Ndo maana siku hizi mtu akiniuliza nimnunue rasi gani namjibu kwanza niambie tenki lako lina mchanga sentimita ngapi, kwa sababu rasi anachaguliwa kwa jinsi anavyolala, rangi baadaye.

Wako makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza wanalala ndani ya mchanga, taa zikikaribia kuzimwa anachomeka kichwa na kupotea wote mpaka asubuhi, na akiogopa mchana pia anajizika. Hapo ndo kuna akina Halichoeres, Macropharyngodon, Anampses na Coris. Hao wanataka mchanga laini sentimita 5 mpaka 10, na hapa nisikilizeni vizuri watu wa Arusha, msichukue mchanga wa mtoni kwetu. Mchanga wa huku ni wa volkano, mweusi, chembe zina ncha, samaki anayejizika kila siku anachubuka ngozi na vidonda vikiingia bakteria umempoteza. Nunua ule mweupe wa matumbawe, chembe ndogo, uoshe mpaka maji yatoke safi bila ukungu. Kama hutaki kujaza tenki zima, zamisha beseni la plastiki kwenye kona nyuma ya mawe ulijaze mchanga, atalijua ndani ya siku moja.

Kundi la pili wanalala katikati ya mawe na wengi wao wanajitengenezea mfuko wa ute kuzunguka mwili, asubuhi unaukuta unaelea kama kipande cha nailoni, usishtuke ukadhani ni ugonjwa. Hapa wako Cirrhilabrus, Paracheilinus na Pseudocheilinus. Hawa tenki lisilo na mchanga wanalimudu vizuri tu, wanachotaka ni mawe yenye mapango na nafasi ya kuogelea mbele.

Kwa anayeanza na ana mchanga, mi namshauri Halichoeres. Yule wa njano mtupu, H. chrysus, ni mpole, anafika kama sentimita 12, hali matumbawe yako, na anachokonoa minyoo bapa na vikonokono vidogo vinavyonyonya chaza, yaani anakufanyia kazi. Wa mwambao wetu kuna H. iridis, mwili wa damu ya mzee, kichwa cha njano, na kuna H. cosmetus mwenye mistari, wote wadogo. Kwa asiye na mchanga Cirrhilabrus exquisitus ni chaguo zuri na yuko bahari yetu hii ya Hindi. Tenki kwa hawa lisipungue lita 200, na kama mfuko unaruhusu nenda 300, maana wanaogelea kutwa nzima hawatulii.

Macropharyngodon bipartitus, yule mwenye madoa kama chui, najua ndo kila mtu anamtaka, hata mi nilimtaka kwa miaka. Yuko Afrika Mashariki huku huku lakini usimweke kwenye tenki jipya. Anakula vidudu vidogo vinavyotembea juu ya mawe siku nzima, tenki la miezi miwili halina hivyo vidudu, anakonda taratibu huku unamwona anazunguka zunguka unadhani mzima. Subiri mwaka, mawe yakishazeeka vizuri, ndo mlete.

Halafu kuna wa kukataa hata ukipewa bure. Coris wadogo ni wazuri kupita kiasi, wekundu wana mabaka meupe yenye ukingo mweusi, niliuziwa mmoja nikaambiwa hana shida anabaki hivyo hivyo. Habaki hivyo hivyo. Coris cuvieri anaelekea sentimita 38, C. formosa anafika 60, anapindua mawe, anakula konokono, kamba, kaa, kila chenye gamba. Thalassoma nao ni wakubwa na wababe. Pseudocheilinus hexataenia, yule mdogo mwenye mistari sita, huyo mwili mdogo ila roho mbaya kwa wageni, ukimtaka awe wa mwisho kabisa kuingia tenkini. Na yule msafishaji wa bluu mwenye mstari mweusi, Labroides dimidiatus, tafadhali muacheni baharini. Riziki yake ni vidudu na ute kwenye miili ya samaki wengine, kwenye tenki la samaki watano sita hashibi na wengi wanakufa kwa njaa, na ukimtoa kwenye mwamba samaki wote waliokuwa wanapanga foleni kwake wanakosa huduma. Cheilinus undulatus ndo usimuwazie kabisa, anapita mita 2 na tangu 2004 biashara yake kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Tuje kwenye maji, maana huku kwetu kuna mambo yake. Maji ya Arusha yana floraidi nyingi, meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia chini ya Meru ndo ushahidi. Bahari yenyewe ina floraidi kama miligramu 1.3 kwa lita, na viko visima huku vinavyozidi hapo mara kadhaa. Shida sio siku ya kwanza, shida ni kuongezea, kwa sababu maji yanapopungua kwa kukauka yanaacha kila kitu nyuma, wewe unaongeza tena ya bomba, na tena, baada ya mwaka hujui una supu gani mle ndani. Tumia maji ya RO (reverse osmosis, yaani yaliyosukumwa kupita kwenye utando unaozuia madini), ukikosa mashine nunua kwa wanaouza maji yaliyochujwa kwa RO, na uulize kabisa kama wanarudisha madini baada ya kuchuja. Moshi maji ya chemchemi za mlimani yana sifa nzuri ila kwa tenki pitisha RO tu hivyo hivyo. Chumvi iwe ya akwariamu, sio ya jikoni, ipimwe na rifraktomita isome 1.025.

Jambo lingine ni mwinuko. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga kwa joto lile lile. Rasi ni samaki wa mwendo, anatumia pumzi nyingi, kwa hiyo pampu ya kutikisa uso wa maji iwe na nguvu, na umeme ukikatika uwe na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, hiyo mi naihesabu ni kifaa cha lazima kama hita. Na hita nayo, jamani Juni na Julai Arusha usiku ni baridi ya kweli, tenki linatakiwa likae nyuzi 24 mpaka 27, weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa ili moja ikifa nyingine ishikilie mpaka uamke. Wa Moshi shida yenu itakuwa Januari na Februari, joto likipanda weka feni ipulize juu ya maji.

Mfuniko. Rasi wote wanaruka, wa mchangani na wa mawe, hakuna mwenye afadhali, na tundu linalotosha kichwa linatosha mwili wote. Mi fundi alinitengenezea fremu ya plastiki nikabana neti yenye matundu ya milimita 6. Msitumie chandarua cha kulalia hata kama kipo bure ndani, vyandarua vya siku hizi vina dawa ya wadudu na dawa ile inaua samaki na kamba vibaya sana. Waya wa chuma nao unapata kutu na kudondokea ndani. Na pale pembeni nyaya za pampu zinapopita, zibeni kwa sponji, wangu mmoja alitokea hapo hapo.

Kumsafirisha. Wengi tunaletewa na basi kutoka Tanga au Dar. Kwanza hakikisha anayekuuzia ana kibali cha uvuvi na hachukui ndani ya hifadhi ya bahari, usione aibu kuuliza. Mwambie asimlishe siku moja kabla ya safari ili asichafue maji ya mfuko. Halafu mwambie mfuko asiujaze hewa ukakaza kama mpira, kwa sababu basi linatoka usawa wa bahari linapanda mpaka huku, hewa ya nje inapungua nguvu na mfuko unavimba njiani, wangu uliwahi kupasuka tumeshapita Same, konda akanisaidia ndoo, namshukuru mpaka leo. Mfuko uwe laini kidogo, mara mbili, ndani ya boksi la samaki lenye giza.

Akifika usimkalishe na mfuko wazi masaa mawili unadondoshea maji tone tone. Safari ndefu imejaza amonia mle ndani, mfuko ukiwa umefungwa asidi inaifanya isiwe kali, ukifungua tu hewa chafu inatoka na amonia inageuka sumu. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20 joto lilingane, pima chumvi ya mle, na tenki la karantini, lile la kumtenga mgeni kwanza, uwe umeshaliweka chumvi hiyo hiyo kabla (muulize muuzaji mapema), fungua, mtoe, mwingize. Maji ya mfuko yamwage.

Kabla hujamchukua mwangalie akila, hilo ndo la kwanza. Tumbo lisiwe limeingia ndani, mdomo usiwe na jeraha, na asiogelee mkia umening'inia chini, huyo kaumia uti wa mgongo kwa kujigonga. Chagua mdogo. Rasi wengi wanaanza maisha wakiwa majike na mkubwa wa kundi ndo anageuka dume, kwa hiyo ukitaka wawili watatu wa aina moja nunua wadogo kwa pamoja, watapangana wenyewe, ila madume mawili ya aina moja kwenye tenki la nyumbani watauana.

Karantini wiki nne, na ndani yake bakuli la mchanga kwa wale wa kulala mchangani. Kama utatumia dawa ya shaba kwa ugonjwa wa madoa meupe, mchanga wa bakuli usiwe wa matumbawe maana unanyonya shaba, tafuta wa silika, na dawa uipandishe taratibu kwa siku kadhaa, wale wa madoa ya chui hasa inawaumiza haraka. Chakula kidogo kidogo mara tatu kwa siku, wana matumbo mafupi: artemia na misisi (vidudu vidogo vya majini jamii ya kamba), kamba wa baharini umkate kate vipande vya punje ya mchele.

Na la mwisho, usimfukue. Wa mchangani akishaingia siku ya kwanza anaweza asionekane siku tatu, hata wiki, na mtu anaanza kuchokonoa kwa kijiti akitafuta maiti. Kama katoka Indonesia saa yake bado ni ya kule, Bali wametutangulia masaa matano, jua lao likizama huku ni saa saba mchana, ndo maana unamwona anaingia kulala mapema na kuamka usiku wa manane tenki likiwa giza. Mlishe asubuhi sana kwa siku hizo, taa za jioni usizilazimishe, atasogea mwenyewe polepole. Wangu wa njano alikaa chini siku sita. Ya saba nilikuwa nanywa chai kabla ya kwenda kazini nikaona kichwa kimechomoza, jicho linazunguka, akakaa hivyo kama dakika kumi ananitazama, halafu akatoka wote.