Kusi limeanza, boti iko juu? Fungua propela
Wenye spidi boti wa Watamu na Malindi, msimu wa uvuvi ndo huo umeisha na boti ishapandishwa, basi kabla hujaanza kuota injini kubwa zaidi we fungua propela kwanza. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejizungusha kwenye shafti, huo ndo unakata sili (mpira wa kuzuia maji) halafu maji yanaingia kwenye gia. Mwaga oili ya gia uiangalie, ikitoka kama chai ya maziwa ujue sili imekwisha. Mi niliwahi kupuuza, miezi mitatu imekaa tu, gia zote kutu! Oili mpya jaza kwa tundu la chini mpaka itokee la juu, ukimimina toka juu hewa inabaki ndani. Na impela (kifeni cha mpira) ya pampu ya maji ya kupoza injini badilisha tu hata ikionekana nzima.