Jinsi ya kutambua kwamba mwili hauvumilii salisileti

Anza na dawa kabla ya kukilaumu chakula. Salisileti, yaani kemikali za jamii ya aspirini, zimo katika matunda, viungo, chai na asali, lakini kidonge kimoja cha aspirini cha miligramu 300 kina kiasi ambacho mlo wa siku nzima ni nadra kukifikia. Kwa hiyo dalili hujitokeza wazi zaidi baada ya dawa.

Tazama saa. Dalili nyingi huanza kati ya nusu saa na saa tatu tangu kumeza: pua kuziba ghafla, makamasi mepesi, macho mekundu, kikohozi, kifua kubana na kutoa mlio. Kwa wengine ngozi ndiyo husema: mabaka yaliyovimba na kuwasha, au midomo na kope kufura. Tumbo kuuma peke yake si ushahidi, kwa sababu aspirini huchubua tumbo la mtu yeyote.

Mwenye pumu, vinyama vya pua vinavyorudi hata baada ya kukatwa, na pua isiyonusa vizuri, awe macho zaidi. Huyo mara nyingi hudhurika pia na dawa za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na naprokseni, maana zote huzuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na aspirini, na mwili ukamwaga kwa wingi kemikali zinazobana njia za hewa. Huo si mzio wa kawaida, ndiyo sababu kipimo cha ngozi au cha damu hakitoi jibu hapa. Jibu la uhakika hutokana na kupewa dozi ndogondogo za aspirini hospitalini chini ya uangalizi. Usijijaribu nyumbani kamwe. Shambulio la pumu la namna hii linaweza kuua.

Kwa wiki mbili hadi nne andika kila ulichokula, kunywa, kumeza na kujipaka, pamoja na saa ya dalili. Dawa za kuchua misuli na krimu za chunusi husahaulika, ilhali nyingi zina salisileti. Andika na kiasi: wapo wanaovumilia kidogo, kisha dalili zikatokea wanapochanganya vyanzo kadhaa siku moja, na hapo lawama huangukia chakula cha mwisho bila haki. Usikate vyakula vingi kwa kubahatisha, hasa kwa mtoto. Mpelekee daktari au mtaalamu wa lishe daftari hilo.

Masikio kuvuma, kutapika na kupumua harakaharaka baada ya dozi kubwa ni sumu ya aspirini. Hiyo, sawa na ulimi kuvimba au pumzi kukatika, ni ya kukimbizwa hospitali papo hapo.