Bodi Bora au Lenzi Bora: Namna ya Kuamua kwa Mpiga Picha wa Tangi la Samaki

Kila anayepiga picha za samaki tangini hufika mahali ambapo vifaa alivyonavyo havimfikishi anakotaka, na fedha alizoweka akiba zinatosha kununua kitu kimoja tu: bodi mpya ya kamera (kamera yenyewe bila lenzi) au lenzi mpya. Kwa wengi jibu langu ni lenzi, na kwa baadhi ni taa kabla ya lenzi. Hata hivyo, sipendi msomaji alipokee jibu hilo kwa kuniamini tu, kwa sababu picha alizokwisha kuzipiga zinaweza kumwonyesha kwa usahihi zaidi kasoro inatoka wapi. Nachukulia kwamba unayo kamera ya kubadilisha lenzi, pamoja na lenzi ya zumu inayouzwa nayo, kwa kawaida ile ya milimita 18 hadi 55.

Hatua ya 1: Ondoa kasoro zisizotokana na vifaa

Kabla ya kuilaumu kamera, futa kioo cha tangi ndani na nje, kwa kuwa mwani mwembamba ambao jicho halioni hutosha kuifanya picha iwe na ukungu. Zima taa za chumba ubakize taa ya tangi peke yake. Zima pampu kwa dakika chache ili chembe zinazoelea zitulie, kisha ukumbuke kuiwasha umalizapo.

Jambo kubwa kuliko yote katika hatua hii ni pembe. Mwanga unaotoka kwenye maji, ambayo kipeo chake cha kupinda (kipimo cha jinsi kitu kinavyopinda mwanga) ni 1.33, hupita kwenye kioo chenye kipeo cha takriban 1.5 na kuingia hewani penye kipeo cha 1.0, na katika kila mpaka hupinda. Ukiielekeza lenzi moja kwa moja mbele ya kioo kwa pembemraba, athari yake ni ndogo. Ukipiga kwa mshazari, kila rangi hupinda kwa kiwango chake, na samaki hutoka akiwa na kingo za zambarau au kijani na magamba yaliyopoteza ukali. Hakuna lenzi, hata iwe ya bei gani, iliyoundwa kusahihisha jambo hilo. Katika akwaria kubwa za umma kuta ni nene mno. Akriliki ya tangi kuu la Okinawa Churaumi nchini Japani ina unene wa takriban sentimita 60, na mbele ya ukuta kama huo kuhama hatua moja pembeni kunaweza kuiharibu picha.

Kwa mng'ao wa kioo, nunua kikinga-mwanga cha mpira kinachovishwa mbele ya lenzi na kugusishwa kioo. Kichujio cha polaraizi hufanya kazi ukitazama kioo kwa mshazari mkubwa, lakini ukisimama kwa pembemraba kinakula mwanga bila kukupa chochote.

Hatua ya 2: Piga picha za majaribio

Weka lenzi kwenye milimita 55, mwendo wa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi likiwa wazi hadi mwisho (kwa lenzi hizi ni f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), na uiache ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ijichagulie. Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata. Piga vitu vitatu vilivyo umbali mmoja kutoka kwenye kioo: jiwe, samaki mpole anayeelea bila haraka, na samaki mwepesi. Piga nyingi za kila kimoja, kwa sababu picha moja mbaya haithibitishi lolote, kisha uzifungue kwenye kompyuta na kuzikuza hadi pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya skrini.

Hatua ya 3: Soma kasoro moja baada ya nyingine

Hapa ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika, kwa hiyo usiharakishe.

Anza na jiwe. Iwapo jiwe halina ukali ilhali ulisimama kwa pembemraba na fokasi ilitua juu yake, lirudie kwa f/8. Ukali ukirudi, lenzi yako ni dhaifu tundu likiwa wazi, na bodi mpya itarekodi udhaifu huohuo kwa pikseli nyingi zaidi.

Jiwe likiwa safi lakini samaki hana ukali, tazama ukosefu huo umekaaje. Samaki aliyeburutika kuelekea anakoogelea, huku mimea ya kando yake ikiwa safi, ameponyoka kwa sababu shata ilikuwa polepole. Tatizo ni uhaba wa mwanga. Teknolojia ya kuzuia mtikisiko, iwe ndani ya bodi au ndani ya lenzi, haisaidii hapa hata kidogo, kwani hutuliza mkono wako na haina uwezo juu ya samaki. Samaki asiye na ukali lakini asiyeburutika, huku jani la nyuma yake au changarawe ya mbele yake ikiwa safi kabisa, amekosewa na fokasi. Kasoro hii ndiyo pekee inayoelekeza kidole kwenye bodi kwa nguvu, ingawa si kila mara, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 7.

Picha ikiwa na ukali lakini imejaa chenga, hasa kwenye maeneo ya giza, ISO ilipanda mno. Tena ni mwanga. Na picha ikiwa safi kwa kila namna, ila samaki ni mdogo katikati ya fremu na ukimkata ili ajaze picha anavunjikavunjika, unachokosa ni ukuzaji, na ukuzaji ni kazi ya lenzi.

Andika kando ya kila picha kasoro yake, kisha uhesabu ni kasoro ipi imetawala. Wengi hushangaa kuona kwamba waliyodhani ni matatizo ya bodi yamegawanyika kati ya mwanga na ukuzaji.

Hatua ya 4: Linganisha ukubwa wa samaki na ukubwa wa kihisi

Neoni tetra aliyekomaa ana urefu wa sentimita 3 hadi 4. Lenzi ya zumu ya kawaida, ikikaribia kadiri inavyoweza, huweka juu ya kihisi, yaani sehemu ya bodi inayopokea mwanga, taswira yenye takriban robo hadi theluthi ya ukubwa halisi, yaani samaki wa milimita 36 anachukua milimita 12 au pungufu. Kihisi cha ukubwa uitwao APS-C kina upana wa takriban milimita 24, hivyo samaki huyo anajaza nusu ya fremu kwa shida. Lenzi ya makro ya kweli, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, hufikia uwiano wa 1:1 (taswira sawa na ukubwa halisi), na kwa uwiano wa nusu tu tetra huyohuyo anajaza robo tatu ya fremu.

Sasa fikiria umenunua bodi ya fremu kamili, yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, ukabaki na lenzi yenye ukuzaji uleule. Samaki bado anachukua milimita 12, na sasa hizo ni theluthi moja ya fremu. Bodi zote mbili zikiwa na megapikseli 24, ile ya fremu kamili imezisambaza pikseli zake kwenye eneo kubwa zaidi ya mara mbili, na ukikata picha yake ibaki na eneo lililo sawa na APS-C unabakiwa na megapikseli 10 na kidogo. Mpiga picha wa viumbe wadogo anaweza kulipa fedha nyingi akapata samaki mwenye pikseli chache kuliko alizokuwa nazo. Jambo hili halisemwi vya kutosha, nalo peke yake lingetosha kumwokoa mtu mwenye tangi la samaki wadogo na ununuzi wa haraka.

Hatua ya 5: Hesabu mwanga

Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga unaongezeka mara nne. Kutoka APS-C hadi fremu kamili, kwa tundu na shata zilezile, kihisi kinakusanya mwanga zaidi ya mara mbili kidogo. Kwa hiyo lenzi yenye tundu pana inaongeza mwanga kuliko bodi kubwa, na kwa kawaida kwa gharama ndogo.

Lakini tundu pana lina mpaka wake. Kwa uwiano wa 1:1 na f/8 kwenye fremu kamili, kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka na ukali, ni takriban milimita 1. Kwa uwiano wa robo ni kama sentimita 1. Ukifungua hadi f/2.8 jicho litakuwa safi na pezi limepotea. Zaidi ya hapo, lenzi inapokaribia sana hupoteza mwanga: f/2.8 kwa uwiano wa 1:1 hufanya kazi kama f/5.6. Anayepiga samaki wadogo na kamba wadogo kwa karibu atalazimika kufunga tundu hadi f/8 au f/11, na hapo mwanga hauwezi kutoka kwenye lenzi wala kwenye bodi. Utatoka kwenye flashi.

Flashi iwekwe juu ya tangi ikimulika chini, iwashwe kwa kifaa kisichotumia waya, na ifungwe imara isije ikadondoka majini. Ikikaa juu ya kamera itarudisha mng'ao wa kioo moja kwa moja kwenye lenzi. Shata ibaki 1/200, kwa kuwa ndiyo kasi ambayo bodi nyingi hukubaliana na flashi, na samaki atagandishwa na flashi yenyewe, ambayo kwa nguvu ndogo humulika kwa muda usiofika sehemu ya elfu moja ya sekunde. Hivyo ISO hushuka hadi 200 au 400, na bodi ya zamani inatoa picha isiyo na chenga. Iwapo kasoro iliyotawala katika hatua ya 3 ilikuwa mwanga na tangi ni lako, nunua flashi kwanza. Katika akwaria za umma flashi kwa kawaida hairuhusiwi, na huko lenzi isiyo na zumu ya milimita 35 au 50 yenye f/1.8 ndiyo msaada wa bei nafuu kuliko wote, maana kwa samaki wakubwa walio mbali kina cha fokasi hakiwi kidogo namna ile.

Hatua ya 6: Chagua lenzi kulingana na tangi

Makro ya milimita 60 hufikia 1:1 ikiwa karibu sentimita 10 tu kutoka kwenye kiumbe, na ile ya milimita 100 huachia takriban sentimita 15. Kwa tangi lenye kina cha sentimita 30 toka mbele hadi nyuma, milimita 60 kwenye APS-C inatosha. Kwa tangi la sentimita 60 nachagua milimita 90 hadi 105. Maji yenyewe yanasaidia kidogo, kwa kuwa samaki aliye sentimita 40 ndani huonekana kama yuko sentimita 30. Lenzi iwe na swichi ya kuwekea mpaka wa fokasi, vinginevyo injini itazunguka kutoka mwanzo hadi mwisho huku samaki akiondoka. Kwa mwenye fedha kidogo, pete ya kurefusha ya milimita 25 nyuma ya lenzi ya milimita 50 huongeza ukuzaji wa nusu.

Hatua ya 7: Tambua hali zinazodai bodi kweli

Bodi mpya inastahili fedha zako ikiwa fokasi ndiyo kasoro iliyotawala hata baada ya kujaribu lenzi yenye tundu pana. Sharti hilo ni muhimu, kwa sababu kamera za DSLR (zenye kioo cha kuakisi ndani ya bodi) huweka fokasi tundu likiwa wazi, na lenzi ya f/2.8 huipa mifumo yao mwanga mwingi zaidi wa kufanyia kazi. Bodi za kisasa zisizo na kioo hicho (mirrorless) hufuata mwendo vizuri zaidi, ila utambuzi wa macho ya wanyama ulitengenezwa hasa kwa mamalia na ndege, basi ujaribu kwa samaki kabla ya kulipa. Anayepiga samaki wepesi katika akwaria zisizoruhusu flashi, na tayari ana lenzi ya f/1.8, naye amefikia mwisho wa uwezo wa bodi yake.

Rangi mbaya chini ya taa za buluu za matumbawe si sababu. Bodi nyingi huishia Kelvini 10,000 (kipimo cha rangi ya mwanga) katika mizani ya rangi nyeupe, na dawa ni kichujio cha njano au chungwa mbele ya lenzi pamoja na faili za RAW.

Hatua ya 8: Azima, rudia jaribio, ndipo ulipe

Hakikisha kifungio cha lenzi kinalingana na bodi, na kwamba lenzi haikuundwa kwa APS-C pekee ikiwa unafikiria kuhamia fremu kamili baadaye. Kwa lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi uone kama ina kuvu ndani. Kisha azima au kodisha kifaa ulichokichagua, urudie jaribio la hatua ya 2 kwa tangi, jiwe na samaki walewale, na uziweke picha za zamani na mpya kando kwa kando. Kasoro uliyoiandika kuwa ndiyo iliyotawala inapaswa kuwa imepungua waziwazi. Ikiwa bado ipo kwa idadi ileile, kirudishe kifaa na uirudie hatua ya 3.