Kuirudia Modeli ya Ndege Uliyoiacha Njiani

Modeli ya ndege iliyoachwa nusu huwa na sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo si ile anayoisema mwenyewe. Husemwa kwamba muda ulikosekana, au kwamba kazi zilizidi. Lakini ukilifungua boksi na kuitazama modeli kwa utulivu, utaona kwamba kazi ilisimama mahali maalumu: kwenye kiungo kilichokataa kukaa sawa, kwenye rangi iliyochuruzika, kwenye kioo kilichoingia ukungu, au mbele ya hatua iliyokutia hofu, kama vile kupuliza rangi kwa brashi ya hewa kwa mara ya kwanza. Kabla hujanunua chochote na kabla hujashika gundi, patafute mahali hapo. Mtu anayerudi bila kulijua tatizo lililomsimamisha hufanya kazi kwa furaha siku mbili tatu, akishughulikia yale mepesi, kisha hukutana nalo palepale alipoliacha, na boksi hurudi juu ya kabati.

Hili nilijifunza kwa modeli ya P-38 Lightning, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, ya kipimo cha 1/48 (yaani sehemu moja ya 48 ya ukubwa wa ndege halisi), iliyokaa miaka tisa bila kuguswa. Ndege hiyo haina kiwiliwili kimoja kirefu: rubani hukaa katika ganda fupi la katikati, na pande zake mbili kuna mihimili mirefu inayobeba injini kwa mbele na kuunganishwa na bawa la mkia kwa nyuma. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba niliiacha kwa sababu ya kuhama nyumba. Nilipoiweka juu ya kipande cha kioo kilichonyooka na kuitazama kwa nyuma, jicho likiwa usawa wa meza, niliona kwamba bawa la mkia limelala upande mmoja kwa kiasi cha milimita 2. Ndipo nilipokumbuka jioni niliyoligundua kosa hilo, nikaifunika modeli kwa kitambaa na kujiambia kwamba nitalirekebisha kesho yake.

Ukaguzi kabla ya gundi

Toa kila kitu ndani ya boksi na ukipange juu ya kitambaa cheupe au karatasi kubwa, kwa kuwa vipande vidogo vya plastiki huonekana vizuri juu ya rangi moja. Chukua karatasi ya maelekezo, uende kipande kwa kipande, ukiweka alama ya penseli kwa kila kilichokwisha kubandikwa, kila kilichobaki kwenye fremu (vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande vinapotoka kiwandani), na kila kisichoonekana. Usikitie kipande katika kundi la vilivyopotea mpaka umeangalia pembe za boksi, mikunjo ya mifuko na ndani ya modeli yenyewe; itikise taratibu karibu na sikio, kwani si mara moja usukani au kiti cha rubani hubanduka na kubaki ndani ya kiwiliwili kilichokwisha kufungwa.

Kisha kagua viungo. Gundi ya majimaji ya plastiki huyeyusha polistairini, yaani ile plastiki ya modeli, ya pande zote mbili na kuzifanya kitu kimoja, kwa hiyo kiungo kilichofanywa vizuri hubaki imara baada ya miaka mingi. Supaglu haina tabia hiyo: hushika juu ya uso tu, na kadiri inavyozeeka huwa kavu na rahisi kukatika inapogongwa. Bonyeza kila kiungo kwa kidole bila nguvu, ukisikiliza mlio mdogo wa kupasuka. Kiungo kinacholia sasa ni afadhali kifunguliwe sasa, kabla hakijapakwa rangi.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee, nami nalisisitiza kwa sababu liliniharibia kazi. Ndege zenye gurudumu la mbele huhitaji uzito puani ili zisikalie mkia, na wengi wetu tumezoea kutia chembe za madini ya risasi na kuzishika kwa gundi nyeupe ya maji. Gundi hiyo hutoa mvuke wenye asidi kidogo, na risasi iliyofungiwa pamoja nayo huanza kugeuka taratibu kuwa unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko madini yenyewe. Unga huo hauna pa kwenda, hivyo huisukuma plastiki kutoka ndani. Katika P-38 yangu pua ilikuwa imepasuka kwenye mshono wa chini, ufa mwembamba kama uzi, na kando yake kulikuwa na vumbi jeupe ambalo mwanzoni nililidhania kuwa ni mabaki ya kupiga msasa. Ukiliona vumbi la namna hiyo, usilipulize wala kulikwangua kwa ukucha, kwa kuwa ni sumu. Vaa glavu, panua ufa kwa ncha ya kisu, utoe kila kilichomo, ufute kwa kitambaa chenye unyevu na ukitupe pamoja na takataka za sumu, mahali pasipofikiwa na watoto. Badala ya risasi tumia vipira vidogo vya chuma, ukivishika kwa gundi ya epoksi.

Kusafisha

Vumbi la miaka halitoki kwa kufutwa. Likifutwa kavu hukwaruza rangi. Anza kwa brashi laini ya kupakia rangi, kisha andaa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, uoshe kwa brashi nyingine laini, usuuze, na uiache modeli ikauke yenyewe. Vipande ambavyo bado viko kwenye fremu vioshwe pia, kwa kuwa huwa na mafuta yaliyotoka kwenye kalibu ya kiwandani ya kumiminia plastiki, na mafuta hayo huizuia rangi isishike. Maji yasiwe ya moto: polistairini hulainika inapopata joto, na mabawa membamba hupinda. Tabia hiyohiyo huweza kukufaa pale unapokuta bawa lililopinda kwa kulaliwa na vitu vingine: lichovye katika maji yenye joto ambalo mkono unaweza kulivumilia kwa muda mfupi, linyooshe taratibu, ulishikilie hivyo chini ya maji baridi. Mara mbili au tatu za namna hiyo hufaa zaidi kuliko mara moja ya nguvu.

Tepu ya karatasi iliyoachwa juu ya kioo au juu ya rangi kwa miaka ni adha nyingine. Gundi yake hukauka na kubaki nyuma hata karatasi ikitoka. Ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu kwa saa kadhaa, uivute kwa pembe iliyolala karibu na uso, na mabaki yake uyasugue kwa kijiti cha pamba chenye mafuta ya kupikia au alkoholi ya isopropili. Alkoholi hiyo huondoa pia rangi ya akriliki; basi ijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Kufungua kilichokosewa

Hapa ndipo kazi ya kurudi inapoanza kweli, na hapa ndipo ningependa msomaji asiharakishe. Ikiwa kiungo kilishikwa kwa supaglu, itie modeli ndani ya mfuko na kuiweka kwenye friza kwa saa chache; baridi huifanya gundi hiyo iwe dhaifu zaidi, na mara nyingi kiungo huachia kwa kukunjwa kidogo. Usitumie asetoni, ambayo huyeyusha supaglu na plastiki kwa pamoja. Ikiwa kiungo kilifanywa kwa gundi ya plastiki, hakuna dawa ya kukifungua. Ni cha kukatwa. Tumia msumeno mwembamba wa mafundi wa modeli, ufuate mstari wa mshono, na uusogeze msumeno kwa uzito wake wenyewe bila kuukandamiza, kwa kuwa msuguano huzalisha joto na plastiki iliyoyeyuka huung'ang'ania.

Mihimili ya P-38 niliikata pale inapokutana na bawa. Nilichora kwenye karatasi mstari wa katikati na mistari miwili sambamba ya mihimili, nikaibandika karatasi hiyo chini ya kioo, kisha nikaishika modeli kwa tepu juu ya mistari hiyo bila gundi yoyote. Msumeno ulikuwa umekula karibu nusu milimita ya plastiki, kwa hiyo nilijaza pengo kwa kipande chembamba cha shiti ya plastiki upande ule uliokuwa chini. Niliipima mara nyingi, nikiigeuza na kuitazama kwa mbele na kwa nyuma, kabla ya kugusisha ncha ya brashi yenye gundi mahali pamoja tu. Baada ya saa moja nilitazama tena, nikagusa mahali pa pili. Kuweka gundi kidogo kidogo namna hiyo kunakupa nafasi ya kusahihisha wakati kiungo bado kinakubali kusogezwa.

Kumbuka pia kwamba gundi ya plastiki haifanyi kazi juu ya rangi. Vipande vilivyopakwa rangi miaka iliyopita vikwanguliwe kwa kisu mahali vinapokutana, mpaka plastiki tupu ionekane. Anayeiruka hatua hii huona kipande kimeshika, kisha kinang'oka pamoja na rangi yake siku ya kumalizia.

Kipande kilichopotea kisikurudishe nyuma. Antena, vishikio na mabomba madogo huweza kutengenezwa kwa fremu tupu ya plastiki: izungushe juu ya mwali wa mshumaa bila kuigusisha, mpaka ianze kung'aa na kulegea, iondoe motoni, ndipo uivute. Ukivuta haraka utapata uzi mwembamba kama unywele. Ukivuta polepole utapata kijiti. Fanya hivyo penye hewa ya kutosha, na tumia fremu ya seti ileile ili plastiki iwe ya aina moja.

Rangi ya zamani na rangi mpya

Wengi wanaporudi hutamani kuifuta rangi yote na kuanza upya. Mimi naona si lazima, isipokuwa rangi imefunika michoro ya mapaneli, yaani mistari inayoonyesha mabamba ya ndege, au inabanduka yenyewe. Jaribu kubandika kipande cha tepu mahali palipofichika na kukivuta: rangi isipotoka, ni msingi mzuri. Ilainishe kwa msasa wa namba 2000 ukiwa na maji, uioshe, uendelee juu yake. Ikilazimu kuifuta, akriliki hutoka kwa alkoholi ya isopropili. Tina ya rangi za magari isikaribie modeli, kwani huila plastiki yenyewe.

Chupa za rangi za zamani zipewe nafasi. Enameli, yaani rangi ya mafuta, iliyofungwa vizuri huweza kuamka baada ya miaka mingi ikikorogwa kwa subira mpaka tope lote la chini liinuke. Akriliki iliyokwisha kuwa na mabonge kama maziwa yaliyoganda itupwe. Usitegemee hata hivyo kwamba chupa mpya yenye jina lilelile itatoa rangi ileile. Mahali penye kiraka, paka paneli nzima mpaka kwenye mstari unaoizunguka, wala si doa peke yake. Jicho huikubali tofauti ndogo inayoishia kwenye mstari, kwa sababu ndege halisi nazo zilibadilishwa mapaneli na kupakwa upya. Lakini doa katikati ya bawa halijifichi.

Dekali

Dekali, yaani zile alama zinazolowekwa majini, huzeeka kwa namna mbili. Zinazogeuka njano zitie katika mfuko wa plastiki unaoonyesha, uubandike dirishani panapopata jua, alama zikielekea nje; baada ya siku kadhaa, au wiki kadhaa, unjano hupungua. Zinazomeguka ni tatizo kubwa zaidi, na haligunduliki mpaka ziingie majini. Kwa hiyo kata alama moja usiyoihitaji, uiloweke, uitelezeshe juu ya kidole. Ikivunjika vipandevipande, pulizia shiti nzima vanishi inayong'aa, uiache ikauke siku nzima, kisha uikate kila alama karibu kabisa na ukingo wake, kwa kuwa sasa shiti yote ni utando mmoja. Zibandike juu ya uso unaong'aa, si uso wa kufifia: uso wa kufifia una mikwaruzo midogo inayoficha hewa, na hewa hiyo huonekana chini ya alama kama weupe wa fedha.

Kioo na vya mwisho

Kioo cha rubani kilichoingia ukungu huwa kimeguswa na mvuke wa supaglu. Kisugue kwa vitambaa vya msasa laini kuanzia namba 3000 na kuendelea, ukimalizie kwa dawa ya kung'arisha plastiki, kisha ukichovye katika vanishi ya akriliki inayong'aa na kukifunika kwa bakuli lililopinduliwa mpaka kikauke, ili vumbi lisikiguse. Safari hii kibandike kwa gundi nyeupe ya maji, ambayo haitoi mvuke wa kuharibu kioo. Tatizo lake ni kwa risasi, si kwa plastiki.

Pangaboi, milango ya magurudumu, mizinga na antena vibaki nje mpaka vanishi ya mwisho ikauke. Bomba jembamba la kupimia mwendo wa hewa liwe la mwisho kabisa, baada ya tepu kutolewa kwenye kioo, kwa sababu mkono unaovuta tepu ndio huo unaolivunja.