Kumwelekeza mtu Mwanza: tumia mwembe au tumia namba?

Juzi nilimwita fundi bomba, nikamwambia ukishuka stendi ya Nyegezi panda juu mpaka kwenye mwembe mkubwa, kata kushoto. Jamaa kazunguka nusu saa ananipigia, "bro mwembe hauonekani", kumbe mwembe ulishakatwa na mi nilikuwa naendelea kuutumia tu kichwani.

Sa hiyo ndo tunaita mahali kwa kulinganisha. Unasema kitu kiko wapi kwa kutumia kitu kingine, mfano Jiwe la Bismarck liko majini pale jirani na kivuko cha Kamanga. Ukiitumia chagua alama isiyohama, jiwe, mlima, kona ya barabara kuu, achana na kibanda cha chipsi, halafu taja na upande na umbali, mana "karibu na hospitali ya Bugando" kila mtu ana yake. Na ujue hata alama kubwa zinabadilika: Busisi miaka yote ilikuwa "ng'ambo ukivuka na feri", toka Juni 2025 unapita juu ya daraja la kama kilomita 3. Busisi haijasogea hata hatua moja, ila maelezo ya kufika yamekuwa mengine kabisa.

Mahali kamili ni namba mbili. Ya kwanza latitudo, yaani uko mbali kiasi gani na ikweta, ya pili longitudo, unahesabu kutoka mstari wa Greenwich kule London. Mwanza mjini ni kama nyuzi 2.5 kusini na 32.9 mashariki. Uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111, zidisha uone, ikweta iko kaskazini yetu kama kilomita 280 hivi. Longitudo nayo inakuonyesha nani anaanza kuliona jua, kila uzi ni tofauti ya dakika 4, na Dar iko kama nyuzi 39 na kidogo, ndo mana wenzetu wanaona jua kama dakika 25 kabla yetu wakati saa ya ukutani ni ileile.

Kuzipata fungua Google Maps, bonyeza sehemu unayotaka na usiachie mpaka alama nyekundu itokee, namba utaziona hapo, zikopi utume WhatsApp.

Ila angalia ile alama ya kutoa! -2.5 ni kusini. Ukiisahau mgeni wako anapelekwa kaskazini mwa Uganda, maeneo ya Lira, sitanii, mana Lira na sisi tuko karibu longitudo moja. Na ukizigeuza bila hiyo alama, ukaanza na 32.9 ikafuata 2.5, unamtupa jangwani Algeria.

Mi siku hizi natuma vyote viwili, namba zinamfikisha mtaani, geti la bluu linamalizia. Bodaboda wengi namba hawazitazami, watakuuliza tu "jirani na nini?"