Sensa yako ya chipu inasikia chumvi kabla ya kijidudu: namna ya kuirekebisha

Kama unajenga sensa ya transista ya kunasa vijidudu kwenye maji na uko huku kwetu Pwani, hebu kabla hujaongeza amplifaya ama kubadilisha programu angalia chumvi kwanza. Mimi niko Malindi. Nilikaa karibu wiki tatu nikifurahia grafu iliyokuwa ikiruka kila nikiweka maji ya kisima kimoja cha karibu na ufuo, nikaamini nimeshika E. coli, kijidudu cha kinyesi, mpaka siku nikachukua maji safi yaliyochemshwa nikatia chumvi ya jikoni kidogo na grafu ikaruka vilevile. Iliniuma sana, kwa sababu kuna familia zinakunywa maji yale na nilikuwa nimeshaanza kuwaambia.

Wazo lenyewe ni la zamani, Piet Bergveld kule Uholanzi alilitoa mwaka 1970: geti ya transista, yaani mguu unaoamua karenti ipite kiasi gani, iguswe na maji moja kwa moja, basi chaji yoyote itakayokaa juu yake inabadilisha karenti inayopita ndani. Mimi natumia CD4007, ile IC ya bei ya chini yenye transista sita, geti naivuta kwa waya mfupi mpaka kwenye kipande cha kioo chenye ITO, utando mwembamba unaopitisha umeme. Kioo ndicho kinacholowa, IC inakaa kavu, na kioo kikichafuka unakitupa tu.

Sasa shida iko hapa. Tunachonasa ni DNA ya kijidudu ama ndugu yake RNA, nazo zina chaji hasi, vizuri, lakini chaji hiyo haisikiki mbali kwa sababu chumvi iliyomo majini inaizingira na kuifunika. Kwenye PBS ya kawaida, bafa (mmumunyo unaoshikilia pH isiyumbe) yenye chumvi kama ya damu, inasikika umbali wa nanomita 0.7 hivi tu. Ukiizimua mara 100 unafika karibu nanomita 7. Maji ya bahari ndio kabisa, hayakufikishi hata nusu nanomita. Na antibodi moja, protini inayoshika kijidudu, peke yake ina urefu wa nanomita 10 hivi au zaidi, kwa hiyo ukitegesha antibodi juu ya kioo, kitu kinachokuja kukaa kichwani mwake kiko nje ya masikio ya sensa yako kabisa, hata ungeweka amplifaya tatu. Ndio maana mimi nimehamia kwenye mitego mifupi, nyuzi za DNA ama za PNA (mfano wa DNA uliotengenezwa maabara) zinazoshikana na nyuzi za kijidudu zinazolingana nazo, na PNA naipenda zaidi kwa sababu haina chaji yake yenyewe na inashika vizuri hata chumvi ikiwa kidogo.

Kabla ya mitego lakini, waya wa rejea, ule unaoguswa na maji kuipa sensa kipimo cha kulinganishia. Wengi wanaupuuza na ndio unaoharibu kila kitu. Nilienda kwa sonara mmoja mzee, shikamoo ami, nataka waya wa fedha. "Marahaba mwanangu, ya pete ama tupu?" Ya pete imechanganywa na shaba, usichukue, chukua tupu. Usugue kwa msasa laini mpaka ung'are, usiuguse tena kwa vidole, halafu zamisha sentimita mbili kwenye Jik isiyotiwa maji kwa nusu saa. Utaona unafifia, unakuwa kijivu, kisha unakoza kama zambarau bivu. Ukibaki na mabaka yanayong'aa, sugua tena urudie.

Waya huo usiutie uchi kwenye sampuli! Wenyewe unasikia kloridi: chumvi ikizidi mara 10 voltaji inasogea karibu milivolti 59, na DNA uliyonasa inakupa milivolti chache tu. Hicho ndicho kilichonidanganya mimi wiki tatu nzima. Chemsha gramu 3 za agar, ile inayotoka kwenye mwani, kwa mililita 100 za kloridi ya potasiamu ya mola 3, ifyonze ikiwa moto kwenye ncha ya pipeti, iache igande, jaza mmumunyo uleule juu yake kisha ingiza waya. Ncha ya agar ndiyo inayogusa maji. Ishike juu ya taa uangalie vipovu, kipovu kimoja kikikaa katikati sakiti imekatika na utahangaika mchana kutwa. Na usiiache muda mrefu kwenye tone dogo, inavujisha chumvi yake.

Halafu kupima kwenyewe: nasa kwenye chumvi, pima kwenye maji mepesi. Yaani sampuli ikae juu ya kioo kwenye bafa ya kawaida ili nyuzi zishikane, osha mara tatu, ndio usome kwenye bafa ya fosfeti ya milimola 1, ileile kabla na baada, kutoka chupa moja. Usizimue kupita hapo, pH itaanza kuyumba na mtego ukiwa wa DNA nyuzi zinaachana.

Jingine ni wingi. Femtomola 1, kipimo cha uchache mno, ni molekyuli 600 hivi kwa mikrolita, na hizo hazikimbilii kioo chako, zinaelea tu. Dema liwe zuri vipi, samaki asipopita pale halivui. Shirika la Afya Duniani linataka E. coli isionekane kabisa kwenye mililita 100 za maji ya kunywa, sasa wewe unadondosha mikrolita 50, utaipata wapi? Chuja hizo mililita 100 zote kwa chujio la mikromita 0.45, kisha suuza chujio kwa mililita 1 ya bafa: kama vijidudu vyote vimetoka umeviongeza mara 100, na chumvi ya kisima umeiacha chini. Usijaribu kupima kijidudu kizima, kina upana wa mikromita moja hivi na sensa inasikia ngozi iliyogusa kioo tu. Kipashe moto nyuzi 95 dakika kumi, kipoze haraka kwenye barafu, na mtego wako utafute RNA ya raibosomu (kiwanda cha protini cha kijidudu), hiyo imo kwa maelfu ndani ya kijidudu kimoja wakati DNA ni nakala chache.

Kubandika mitego: APTES (gundi ya kioo) asilimia 1 hadi 2 kwenye ethanoli kavu, oka nyuzi 110, kisha glutaraldehaidi (kiunganishi), mtego wenye amino (ncha ya kushikia), mwisho BSA (protini ya damu ya ng'ombe) kuziba mapengo. Vaa glavu, fungua dirisha. Unyevu wetu huku unaigandisha APTES ikawa madonge, kwa hiyo nunua chupa ndogo, iweke kwenye kopo lenye silika jeli, na ikishakuwa na ukungu itupe bila huruma.

Mwisho fanya pacha. Ndani ya CD4007 tumia transista mbili za N, moja ivutwe kwenye kioo chenye mtego wa kweli, nyingine kwenye kioo chenye mtego wa herufi zilizovurugwa, yaani usiolingana na kijidudu, usome tofauti yao. Joto la saa nane mchana linasogeza zote mbili pamoja, basi linajifuta. Funika kwa boksi lililozungushiwa foili kwa sababu silikoni inasikia mwanga, na tumia betri, stima inaingiza kelele.

Kile kisima cha ufuoni nilikirudia na pacha, mara nne, tofauti haikufika hata nusu milivolti. Nikaenda kuwaambia wenyewe kwamba nilikosea mwanzo, na nikawaomba bado wapeleke chupa maabara na waendelee kuchemsha mpaka jibu lije.