Somo: Kukausha mboga za masika kivulini ili mtaa upate kula mpaka Novemba

Mbukwenyi wana Dodoma, na salamu kwenu mlioko Singida, Manyoni na Kongwa.

Kila mwaka ni yaleyale. Mwezi wa pili mchicha unaota hadi nyuma ya choo, majani ya kunde yanazeekea shambani, mgagani unang'olewa na kutupwa pamoja na magugu. Ikifika mwezi wa tisa, mama yuleyule aliyeung'oa anasimama gengeni na fungu la mchicha lililokonda, bei ileile, majani nusu, na mara nyingi limekuja kwa lori kutoka Morogoro au Iringa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Tangu serikali ihamie hapa mwaka 2016 walaji wameongezeka sana mjini, mvua haikuongezeka.

Wagogo walishalijua hili. Ilende, mlenda uliokaushwa na kutwangwa, ulikaa ndani mpaka mvua nyingine zinyeshe, na ugali wa uwele haukukosa kitoweo. Ninachofundisha leo ni kazi hiyohiyo ya bibi zetu, ila nabadilisha mambo mawili: kivuli badala ya jua kali, na kikundi badala ya kila mtu kivyake.

Hatua ya kwanza: kaeni mpatane

Fanyeni hivi kabla ya Krismasi, mboga hazijaota. Kaya nane hadi kumi na mbili zinatosha. Zikizidi hapo watu wanaanza kutegeana. Mwambieni mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, fungueni daftari, andikeni nani ana shamba, nani ana kiwanja chenye upepo, nani ana sufuria kubwa.

Jambo la kupatana kabla ya yote ni mgao. Sisi tunagawa mara tatu. Sehemu moja inakwenda kwa waliofanya kazi. Ya pili inauzwa ili tupate hela ya nailoni na mifuko. Ya tatu inabaki mtaani kwa nyumba zenye mjamzito, mama anayenyonyesha, au mzee anayeishi peke yake. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo iliyonifanya nianze shughuli hii. Jirani yetu alijifungua mwezi wa kumi, na kwa wiki mbili nilimwona akila ugali na maharage matupu, jani la kijani hakuna, wakati mwezi wa tatu shamba lake mwenyewe lilikuwa linafurika. Nawaomba msiiondoe sehemu hiyo hata mwaka ukiwa mgumu. Mwaka mgumu ndio wake.

Hatua ya pili: tengenezeni kaushio

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanakwama hapa. Shida ya kukausha masika ni kwamba mboga zipo lakini hewa ina unyevu na mawingu hayatabiriki. Ukianika juu ya mkeka, mvua ya saa nane inakuharibia kazi ya siku nzima.

Mweleze fundi seremala atengeneze fremu ya ukubwa wa kitanda cha futi 3 kwa 6, yenye miguu inayofika kiunoni. Sehemu ya kulalia tandika wavu wa plastiki, ule wa madirisha ya mbu. Usitumie wavu wa chuma, unashika kutu na kutu inahamia kwenye majani. Juu yake jenga paa dogo la mteremko, ulifunike kwa nailoni angavu. Upande wa mbele, chini, acha upenyo wa hewa kuingia. Upande wa nyuma, juu, acha upenyo wa hewa ya moto kutoka. Penyo zote mbili zifunikwe kwa wavu, nzi wasiingie. Kisha juu ya nailoni tandaza kaniki. Kaniki inazuia mwanga, joto linabaki, na upepo wetu wa Dodoma unamalizia kazi.

Miguuni mwaga jivu, sisimizi hawatapanda.

Kwa nini kivuli? Kijani cha mboga kimebeba ile rangi ya njano inayogeuka kuwa vitamini A mwilini, na jua la moja kwa moja linaiua. Utaona mwenyewe: majani yaliyoanikwa juu ya bati yanakuwa kama majani ya chai, yaliyokaushwa kivulini yanabaki kijani. Mwaka wangu wa kwanza nilianika juani, na watoto wangu walikataa kula. Walikuwa sahihi.

Hatua ya tatu: kuchuma na kuosha

Chumeni asubuhi umande ukishakauka. Majani machanga tu, bila yaliyotobolewa sana. Msichume kando ya barabara kubwa wala karibu na dampo. Osheni majani yakiwa mazima, maji mara tatu, ndipo mkate. Ukikata kwanza, sehemu ya virutubisho inakwenda na maji. Maji ya kuoshea msimwage, yapelekeni kwenye mipapai.

Hatua ya nne: mvuke

Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, weka chekeche juu yake, panga majani, funika. Mchicha na matembele dakika 2 hadi 3, majani ya kunde na ya maboga dakika 4 au 5. Yakilegea na kijani kikikolea, toa. Mvuke unazima ile nguvu ya ndani ya jani inayoendelea kuliozesha hata baada ya kuchumwa, na unapunguza vijidudu. Mgagani una uchungu, huo unachemshwa kwenye maji kabisa na maji yanamwagwa. Mlenda usiupitishe kwenye mvuke hata kidogo, utelezi wake utakushinda, kausha mbichi.

Tafadhali, magadi msitie. Yanafanya mboga iwe laini na ya kijani cha kuvutia, lakini yanaharibu vitamini.

Hatua ya tano: kukausha

Tandaza tabaka jembamba. Kaushio la ukubwa niliosema linachukua kilo 4 au 5 za majani mabichi kwa mara moja. Geuza mara tatu kwa siku kwa mikono mikavu na safi. Siku yenye jua zuri jioni yanakuwa tayari. Yenye mawingu, siku mbili hadi tatu. Kipimo ni sikio: jani likikamatwa livunjike kwa mlio, na kikonyo kikatike badala ya kupinda. Kikipinda, rudisha.

Kilo 10 za majani mabichi zinatoa kilo 1 hivi ya makavu. Wageni huwa wanavunjika moyo wakiona hivyo. Kumbuka hicho kilichoondoka ni maji, na kiganja kimoja cha makavu kinapikia familia.

Hatua ya sita: kuhifadhi

Acha mboga zipoe kabisa kabla ya kufunga. Aprili moja tulifunga zikiwa bado na joto kwa sababu giza lilikuwa linaingia na kila mtu alitaka kwenda nyumbani. Baada ya wiki tatu tulifungua viroba viwili vyenye ukungu, tukavitupa vyote. Niliumia zaidi kwa sababu vilikuwa vya sehemu ya tatu.

Tangu hapo tunafanya hivi: mboga zinakaa siku nne kwenye ndoo yenye mfuniko, kila siku tunazitikisa na kuchungulia. Tukiona jasho kwenye mfuniko, zinarudi kaushioni. Zikipita mtihani huo ndipo zinafungwa kwenye mifuko midogo, hewa imetolewa, tarehe imeandikwa, na kuwekwa mahali pakavu penye giza. Miezi sita mpaka minane zinakaa vizuri.

Hatua ya saba: kupika

Loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, pika kwa maji hayohayo. Tia karanga za kusaga au mafuta ya alizeti, kwa sababu vitamini A haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Karanga zichaguliwe moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu itupwe. Hatujasahau mwaka 2016, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi ilipoua watu hapa Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Vitamini C karibu yote inapotea kwenye kukausha. Dawa yake tunayo porini: kunywa maji ya ubuyu pamoja na chakula, au kamulia ndimu. Inasaidia pia madini ya chuma ya mboga yaingie kwenye damu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Ipagala: Dada, asante kwa somo. Kisamvu nacho kinakaushwa hivi hivi?

*Jibu:* Hapana dada yangu. Kisamvu kina sumu ya asili ambayo mvuke wa dakika tano hauitoi. Kitwange kwanza kikiwa kibichi, kiache wazi kidogo, ndipo ukikaushe. Siku ya kupika kichemke kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Kijana wa Nkuhungu: Kuna watu wanalima mchicha kwa maji taka, bei yao ni rahisi na wanavuna hata kiangazi. Tukiupitisha kwenye mvuke si unakuwa salama?

*Jibu:* Mvuke utaua vijidudu vingi, lakini mayai ya minyoo yanaweza kubaki kwenye udongo ulioshikilia jani, na madini mazito yakiwemo hayatoki kwa moto. Kwenye kikundi chetu hatuupokei. Najua wanaolima pale wanatafuta riziki na sina ugomvi nao, ila chakula hiki tunampa mjamzito.

Mzee wa Mpwapwa: Mwanangu, umeeleza vizuri. Mama yangu aliweka ilende kwenye kibuyu, akakitundika juu ya mafiga. Moshi ulizuia wadudu. Wewe mifuko ya nailoni ya nini?

*Jibu:* Shikamoo mzee wangu. Kibuyu ni kizuri kuliko mfuko, kinapumua na hakipitishi mwanga. Mifuko tunatumia kwa zile za kugawa na kuuza tu. Mtaani kwetu wengi wanapika kwa gesi au mkaa kwenye jiko la kuhamisha, ule moshi wa juu ya mafiga hatuna tena. Kama kwako vibuyu vinapatikana, naomba uniambie, tutakuja kuvinunua.

Dada wa Chamwino: Nina mtoto wa miezi nane. Naweza kumpa?

*Jibu:* Ndiyo. Twanga makavu yawe unga, chekecha, tia kijiko kidogo kwenye uji wake ukiwa bado unachemka, pamoja na tone la mafuta. Anza na mchicha. Endelea kumnyonyesha, na unga huu usichukue nafasi ya yai, maziwa au papai. Afisa lishe wa kituo chenu cha afya ukimwonyesha atakuelekeza zaidi.

Mwanachama wa Kibaigwa: Sisi tuko ishirini, tunataka kuuza madukani kwa lebo yetu. Tuanzie wapi?

*Jibu:* Anzieni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ofisi ya mkoa ipo hapa mjini. Wanafundisha usindikaji na wanatoa barua ya kuwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa TBS, shirika la viwango, ambao ndio wanaosimamia ubora wa chakula. Halmashauri nayo ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba ya kikundi na daftari lenu. Ila mkae msimu mmoja mkila wenyewe kwanza, mjue makosa yenu kabla ya kumuuzia mtu.

Mama wa Chang'ombe: Mimi ni mpangaji, sina shamba wala ndugu kijijini. Nitaingiaje kwenye kikundi?

*Jibu:* Karibu sana. Kwetu wapangaji wanne hawachangii majani, wanachangia mikono: kugeuza mchana wenye mashamba wakiwa wameenda kupalilia. Mgao wao ni sawa na wa wengine. Na ukitaka majani yako, chukua kiroba, jaza udongo uliochanganywa na samadi, katikati simamisha mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini, toboa matundu pembeni na uoteshe mchicha na matembele. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kukimwagilia. Kaushio letu Januari linaanza wiki ya pili, njoo Jumamosi asubuhi na chekeche kama unalo.